Maziwa Hayafiki Mapafuni

Ufundi wa kupanga vigae hufundishwa kwa mdomo. Saidia fundi humsikiliza fundi, naye fundi alimsikiliza wa kwake, na kwa njia hiyo ujuzi mwingi wa kweli umewafikia vijana wetu: kupima pembe, kuchanganya gundi, kugonga kigae na kusikia kama chini pana uwazi. Ila kuna maneno mengine yaliyopenya humo humo na kupewa heshima ya ujuzi, hasa linapokuja suala la kukata. Ni maneno mafupi, husemwa bila kusita, na kwa kuwa anayeyasema ni mtu mzima aliyesimama mbele yako na kazi yake inapendeza, hakuna anayebisha. Mimi nitabisha. Nachukua yale yanayosikika kila siku kwenye saiti za Dar es Salaam na Pwani. Sitayapa uzito sawa, maana mengine yanamalizwa kwa sentensi mbili na mengine yanazika watu.

“Vumbi la tailizi ni udongo tu. Sisi tumekulia kwenye vumbi.”

Ni kweli kigae ni udongo uliochomwa. Lakini udongo huo una kwatzi ndani yake, kwatzi ni silika, na joto la tanuru haliimalizi. Vigae vya poseleni, vile vya 60 kwa 60 ambavyo siku hizi vinatengenezwa hapa hapa Mkuranga na Chalinze, vinabaki nayo. Granaiti inayo kwa wingi. Mawe ya kutengenezwa yanayotandikwa juu ya makabati ya jikoni yanaweza kuwa silika kwa zaidi ya asilimia 90, na ndiyo maana Australia iliyapiga marufuku kuanzia Julai 1, 2024, baada ya wafanyakazi wanaoyakata, wengi wao bado vijana, kuharibika mapafu. Marumaru halisi ya kuchimbwa, kinyume na wengi wanavyodhani, inayo kidogo sana, kwa kuwa ni jamii ya chokaa.

Vumbi la barabarani tulilokulia lina chembe kubwa. Pua huzizuia, kikohozi huzitoa, jioni unapenga kamasi nyekundu na habari inaishia hapo. Diski ya almasi inasaga, na sehemu ya unga wake ni chembe zisizofika mikroni 4, wakati unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Chembe za kiasi hicho hazionekani. Hubaki zikielea kwa saa kadhaa baada ya mashine kuzimwa, na ukizivuta hufika kwenye vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, mahali ambapo kikohozi hakifiki. Tena silika iliyovunjwa dakika hiyo hushambulia seli kwa ukali kuliko ile iliyolala ardhini miaka na miaka. Kwa hiyo fundi anayesema “vumbi limeshatulia, ingieni” anazungumzia lile analoliona, ambalo ndilo lenye nafuu.

Tupige hesabu kidogo. Kigae cha sentimita 60, unene milimita 9, diski inayokula milimita 2: mkato mmoja unasaga karibu sentimita 11 za ujazo, sawa na gramu 25 hivi za unga. Sasa chukua chumba cha mita 3 kwa 4, dari mita 2.7. Marekani imeweka kikomo cha mikrogramu 50 za silika laini kwa kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8 za kazi. Katika chumba chote hicho, kikomo kinatimia kwa miligramu 1.6, yaani chembe mbili tatu za sukari. Unga wote si silika, wala silika yote si laini kiasi cha kuelea. Hata hivyo gramu 25 ni miligramu 25,000. Punguza utakavyo, ukichukua kwamba sehemu moja ya kumi tu ni silika na asilimia moja tu ya hiyo ndiyo inayoelea, bado unapata miligramu 25. Na hakuna fundi anayekata kigae kimoja akaondoka.

“Nimekata miaka ishirini, mbona mzima?”

Hii ndiyo hoja ngumu kuliko zote kwa sababu ushahidi wake unatembea. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi hili, katika hali yake ya kawaida huchukua zaidi ya miaka 10 kujionyesha. Vumbi likiwa zito huja kati ya miaka 5 na 10, na likizidi sana hata mapema zaidi. Huanza kwa kuishiwa pumzi unapopandisha mfuko wa saruji ghorofani, jambo ambalo kila mtu wa miaka 45 ana sababu nyingine ya kulieleza. Makovu yakishajengeka kwenye mapafu hayana dawa ya kuyaondoa, na yanaweza kuendelea kuongezeka hata baada ya mtu kuacha kazi. Pamoja na hayo, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani umeiweka silika ya aina hii tangu 1997 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Halafu tazama ni nani anayetoa ushahidi. Aliyeumwa hayuko saiti. Amerudi kwao, na huko ndugu wameambiwa ni kifua kikuu. Mara nyingi ni kweli, kwa sababu mapafu yenye silika hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mara nyingine sicho, ila picha ya eksirei inafanana nacho, mgonjwa anamaliza dawa za miezi 6 na kifua kiko vile vile. Kwa upande wa migodi jambo hili linafahamika nchini: wachimbaji wa Mererani wamepimwa, silikosisi na kifua kikuu vimekutwa kwa watu wale wale, na Hospitali ya Kibong'oto kule Siha inalijua vizuri. Fundi wa vigae hana mgodi wa kupimiwa. Leo yuko Goba, kesho Kibaha, hana mwajiri mmoja wala jalada la afya ya kazini linalomfuata, na ukimya huo ndio unaochukuliwa kuwa ni uzima.

“Ukimaliza kazi, kunywa maziwa, yanasafisha kifua.”

Hii utaikuta kwa mafundi rangi, kwa wachomeleaji, kwenye mashine za kusaga na kwa watu wa tailizi. Wapo hata wasimamizi wanaoiingiza kwenye bajeti, pakiti moja kwa kila mtu kwa siku, na wakishazigawa wanaona wajibu wao umekwisha. Nia yake naiheshimu. Maziwa ni chakula, na saidia wengi hushinda na chai ya rangi na andazi. Ila njia ni mbili tofauti. Maziwa hupita kwenye umio kwenda tumboni, vumbi limepita kwenye koo la hewa kwenda mapafuni, na hivyo viwili havikutani popote. Ukihisi koo limelainika, limelainika kweli, kama ambavyo lingelainika kwa maji au uji. Vumbi lililokuwa linakukereketa kooni ni lile kubwa, ambalo ungelitema hata bila maziwa.

Kinachoendelea kule chini ni kingine kabisa. Seli za ulinzi zilizomo mapafuni humeza chembe ya silika kama zinavyomeza kijidudu, lakini haziwezi kuiyeyusha. Seli inakufa, chembe inatoka ikiwa nzima, inamezwa na seli nyingine, nayo inakufa, na kila mara pale pale panabaki uvimbe mdogo na mwanzo wa kovu. Mzunguko huo hauhitaji vumbi jipya ili uendelee. Hakuna kinywaji kinachouingilia, si maziwa, si asali na ndimu, si pombe kali.

Ubaya wa maziwa ni kwamba yanakula fedha na utulivu wa moyo ambavyo vingekwenda kwenye kinga ya kweli. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga vinavyoendana na hatari iliyopo. Kwa vumbi hili kifaa hicho ni barakoa yenye alama ya N95 au FFP2, ile ngumu kidogo inayobana pua na kidevu. Kitambaa kilichofungwa usoni na barakoa nyepesi ya hospitali vina mianya pembeni, na hewa hupita penye mwanya. Ndevu nazo huiharibu barakoa nzuri kwa namna hiyo hiyo, na hapo mwenye ndevu itabidi achague.

“Maji ni ya kupozea diski tu, yakipungua si neno.”

Yanapoza, ndiyo. Almasi za kwenye diski ni punje za kutengenezwa zilizoshikwa ndani ya chuma laini kuliko zenyewe, na joto likizidi, chuma huziachia na punje zenyewe huharibika. Lakini maji yana kazi ya pili: kulowesha unga pale pale unapozaliwa, kabla haujaruka. Kwa sababu ya kazi hiyo, kanuni ya Marekani ya 2016 kuhusu silika katika ujenzi inairuhusu mashine ya mezani ya kukata kwa maji itumike bila kumlazimisha fundi kuvaa barakoa. Sharti lake ndilo linalosahaulika: maji yafike kwenye diski muda wote, na mashine iendeshwe na kutunzwa kama mtengenezaji alivyoelekeza.

Mashine nyingi ndogo zinazouzwa Kariakoo hazina pampu. Zina beseni chini ya meza, na diski ya milimita 180 inazunguka ukingo wake wa chini ukiwa umezama majini. Kila mkato unatupa maji nje. Vigae kadhaa baadaye kina kimeshuka, diski inazunguka hewani, na fundi aliyezoea kelele hatambui mpaka aone kitu cheupe kinapanda. Ule si moshi. Chungulia beseni kabla ya kila mkato mrefu, na ukiongeza maji, zima mashine na uchomoe plagi kwanza. Zenye pampu nazo zina kasoro yake, kwani tope huziba kichujio na bomba, maji yanatoka kwa kudondoka na mtu anaendelea kukata kwa imani. Maji yakishakuwa mazito yamwage yote na uweke mapya, maana ukungu unaorushwa na maji machafu umebeba silika ile ile.

“Grenda na chupa vinafanya kazi hiyo hiyo.”

Kila aliyejenga ameliona hili: fundi amechuchumaa na grenda, saidia kasimama pembeni na chupa ya plastiki iliyotobolewa kifuniko kwa msumari, anaimwagia diski. Vumbi linapungua kweli, siwezi kukana. Na ubunifu wenyewe unanisaidia, kwa sababu mtu aliyeshikilia kwamba lile vumbi ni udongo tu asingemwajiri kijana wa kushika chupa.

Tatizo ni mahali maji yanapoishia. Grenda hupoza mota yake kwa kuvuta hewa kupitia matundu ya nyuma na kuipuliza mbele. Maji yakirushwa na diski yanageuka ukungu, na ukungu unavutwa humo humo ulimo umeme. Ile alama ya mraba ndani ya mraba kwenye gamba lake maana yake mashine imekingwa mara mbili na haihitaji waya wa ardhi, na kinga hiyo inafanya kazi kwenye mashine kavu. Sasa mtu ameishika kwa mikono miwili iliyolowa, miguu iko kwenye dimbwi, ekstensheni ina kiungo kilichozungushiwa mfuko wa nailoni, na kwenye soketi kuna nyaya mbili zilizobanwa kwa njiti za kiberiti kwa sababu plagi ilivunjika. Volti 230.

Kuna pia suala la mwendo, ambalo halizungumzwi sana. Mota ya mashine ya mezani ya milimita 180 huzunguka kama mara 2,900 kwa dakika, kwa hiyo ukingo wa diski unakwenda karibu kilomita 100 kwa saa. Grenda ndogo ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 na ukingo wake unafika kilomita 240 kwa saa. Kwenye mashine ya mezani diski imefungwa mahali pake na kigae ndicho kinachosogezwa. Kwenye grenda ni mkono unaoishika, na kigae kimekanyagwa kwa mguu ili kisitembee. Diski ikibanwa kwenye mkato, grenda inaruka kuelekea kwa mwenye nayo. Mguu unaokanyaga kigae ndio uliopo karibu zaidi.

Zipo kazi zisizokwepa grenda, kama tundu la bomba au kona ya ndani ya fremu ya mlango. Kwa hizo, toka nje, simama upande upepo unapotokea, vaa barakoa ya kweli, funga kigae kwenye meza kwa kibano, na ukiweza tumia ile ya betri, ambayo angalau haina waya wa volti 230. Kwa mikato iliyonyooka ya nyumba nzima, grenda haina hoja.

“Nimevaa ndala za mpira, umeme haunipati.”

Mpira mkavu huzuia umeme. Ndala iliyolowa tope la kigae juu ya sakafu yenye maji ni habari nyingine. Isitoshe, umeme hauhitaji kupitia miguuni. Mkono mmoja uko kwenye meza ya chuma ya mashine, mwingine umeegemea nondo au bomba, na njia imepita kifuani. Kama waya wa ardhi ulikatwa ili plagi ya miguu mitatu iingie kwenye soketi ya miwili, meza hiyo ya chuma ikiguswa na waya wenye umeme itakaa na umeme wake kimya mpaka mtu aiguse.

Wengine huweka matumaini kwenye fyuzi. Fyuzi ya plagi zetu ni ya ampea 13 na kazi yake ni kuzuia waya usiungue. Moyo huvurugika kwa mkondo mdogo mno, chini hata ya ampea 0.1. Swichi iliyotengenezwa kumlinda mtu, ile yenye kitufe cha majaribio chenye herufi T, hukata umeme unaovuja ukifika miliampea 30, yaani ampea 0.03. Fyuzi husubiri zaidi ya mara 400 ya kiwango hicho. Ndiyo maana nashangaa nikisikia fundi anasema swichi hiyo inasumbua, inakatakata kila mashine ya maji ikiwashwa, kwa hiyo ameiruka kwa kuunga nyaya moja kwa moja. Ilikuwa inamwambia kuwa mashine inavuja umeme. Mashine ya namna hiyo inapelekwa kwa fundi umeme, na swichi inabaki. Kibonyeze kitufe cha T kila asubuhi. Kama hakikati, usianze. Waya wa mashine uache ushuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili maji yanayotiririka juu yake yadondoke pale chini badala ya kuingia ndani. Ekstensheni na viungo vyake viwe juu ya stuli au ukutani, kamwe visiwe sakafuni.

“Diski haina meno, haimkati mtu.”

Muuzaji huwasha mashine, anagusisha kidole kwenye diski inayozunguka, anakuonyesha kidole kizima, na mteja anacheka. Onyesho lenyewe ni la kweli. Diski yenye ukingo mzima haina jino la kunasa nyama, na kidole kilichogusa kidogo kikiwa kimelowa huteleza. Ila ajali haiji kwa kugusa kidogo. Huja kigae kinapovunjika ghafla mwishoni mwa mkato huku mkono ukiwa bado unasukuma kwa nguvu. Hapo kidole kinabanwa kati ya diski na kipande, na kitu kinachosaga poseleni hakishindwi na mfupa. Wengi zaidi wanakatwa na kigae chenyewe, kwa kuwa ukingo uliotoka kukatwa ni mkali kuliko wembe wa kinyozi. Sugua ukingo huo kwa jiwe kabla ya kumpa mwenzako kipande.

Kutokana na hoja hii kuna watu waliokimbilia upande wa pili, wakavaa glavu nene za kitambaa. Kwenye diski inayozunguka, kitambaa kilicholegea hunaswa ambapo ngozi ingeteleza, na kinavuta mkono wote. Vua glavu wakati wa kukata, zivae unapobeba vipande. Mikono mirefu ya shati, kamba ya kofia, cheni na bangili ya shanga vinaingia kwenye hukumu hiyo hiyo.

“Kava linaniziba macho” nayo huishia kwa kava kutupwa kwenye kona ya stoo. Kava ndilo linalorudisha maji kwenye diski na kuzuia vipande visikurukie, kwa hiyo ukiliondoa umepoteza maji na macho kwa mpigo mmoja. Chora mstari kwa penseli ya nta isiyofutika kwa maji, nawe utauona. Miwani ya kazi huvaliwa hata kava likiwepo, na miwani ya jua si badala yake. Kuhusu masikio sitasema mengi: mashine hizi hupiga kelele za kutosha kuhitaji vizibo, na kwenye kelele ya desibeli 94 wataalamu wa afya ya kazi hutoa saa moja tu kwa siku bila kinga.

“Sukuma kwa nguvu, ndiyo inakata haraka.” Inakata haraka vigae viwili vitatu, kisha diski inapata joto, chuma chake kinajifunika juu ya almasi, na inaanza kuteleza bila kukata. Fundi huilaumu diski na kusukuma zaidi. Dawa yake ni kukata tofali laini la mchanga mara kadhaa ili almasi mpya zitokeze, kisha kurudi kwenye mwendo wa taratibu, mota isikike ikizunguka bila kulalamika. Punguza zaidi sentimita chache za mwanzo na za mwisho. Kwa vigae vigumu vinavyopasuka kona, kata kwanza sentimita 3 hivi kutoka upande wa mwisho, kigeuze, kisha ukate kutoka mwanzo mpaka mikato ikutane. Mshale ulio kwenye diski ufuate mzunguko wa mashine, na idadi ya mizunguko iliyoandikwa juu yake isiwe ndogo kuliko ya mashine. Haya mawili wanaoyaangalia ni wachache mno, wakati yameandikwa palepale kwenye diski.

“Nikishatumia maji, vumbi limekwisha.”

Limelala tu. Tope lililobaki kwenye meza, sakafuni na kwenye nguo ni unga ule ule ukisubiri kukauka. Kesho yake saidia anakuja na fagio la chelewa, anafagia kwa bidii, na hewa inajaa kile ambacho maji yalikizuia jana. Osha mashine na sakafu tope likiwa bichi. Kama limeshakauka, liloweshe tena kabla ya kuligusa. Nguo za kazi zisikung'utwe ukutani wala kupelekwa kwa mke zichanganywe na za watoto, ziloweshwe zenyewe kwenye ndoo yake. Tope lenyewe lisimwagwe kwenye sinki wala choo kipya cha mwenye nyumba, kwa sababu litatuama kwenye bomba na kugandamana huko. Liache kwenye ndoo usiku kucha, mwaga maji ya juu, kilichobaki kitie kwenye mfuko pamoja na vifusi.

“Mashine ya maji ni ghali, na mteja hailipi.”

Hoja ya fedha ndiyo pekee kati ya zote ambayo naiona ina ukweli ndani yake. Fundi anayelipwa kwa mita ya mraba, ambaye bei yake imepigwa na fundi mwingine aliye tayari kushuka zaidi, hawezi kutoka dukani na mashine nzuri kwa sababu tu kuna mtu ameandika makala. Lakini hoja inadhani kwamba uchaguzi ni kati ya mashine ya maji na grenda kavu. Ipo ya tatu, nayo ni ya zamani: mashine ya mkono ya kukwaruza na kuvunja, yenye reli na kijigurudumu kigumu. Haina umeme, haihitaji maji, vumbi lake ni kidogo mno, na kwenye mkato ulionyooka inamaliza kabla mashine ya maji haijajazwa beseni. Chumba cha mraba kina mikato mingi ya namna hiyo. Kwa poseleni nene nunua ile ndefu na imara, na badilisha gurudumu likianza kukwaruza kwa kurukaruka.

Mikato inayobaki, yaani ya L kuzunguka nguzo, vipande vyembamba vya pembeni na sketingi, ndiyo inayotaka maji. Ipime yote, ichore na kuiandika namba, kisha ukodi mashine kwa siku moja au mkodi mafundi wawili kwa pamoja, mkate nje ya nyumba. Kata kwa mtindo huu na utagundua pia vigae vilivyovunjika vimepungua, jambo ambalo mteja analielewa haraka kuliko silika. Akishikilia kwamba bei imepanda, mwandikie bei mbili. Ya kwanza ni ya kukata nje kwa maji. Ya pili ni ya kukata sebuleni kwa grenda kavu, na chini yake uorodheshe kufua mapazia, kufungua na kusafisha feni zote, kupangusa kabati za jikoni ndani na nje, na watoto kulala kwa shangazi mpaka kazi iishe.